Mabruka, Msuguaji wa Hamamu Anayewatafutia Slughi Makao

Saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, hamamu ya wanawake, bafu la umma katika mtaa wa kale wa Gafsa, imejaa mvuke na makelele. Mabruka Ghodhbani anamsugua mteja mgongoni, lakini jicho lake liko mlangoni. Simu yake ameiacha kwa mkata tiketi, na kila ndoo ikigonga sakafu anadhani ni simu inayolia.

"Taratibu, dada, utanichuna!" mteja analalama.

Mwingine anadakia kutoka pembeni: "Mikono hiyo si ndiyo iliyoosha mbwa jana?"

"Ndiyo hiyo, shangazi. Na mbwa alitoa uchafu mdogo kuliko wako."

Kicheko kinalipuka hamamu nzima. Mabruka hacheki. Amekwisha kuugeukia mlango tena.

Mjane huyu wa miaka arobaini na minne ni mmoja wa watu wachache wa kusini mwa Tunisia wanaojitolea kuwaokoa slughi, wale mbwa wembamba wa mbio ambao wazee wa huku huwalaza ndani ya hema na hawapendi kusikia wakiitwa mbwa. Anayeshindwa kumtunza wake humpigia Mabruka. Yeye humpokea, humkalisha uani kwake mpaka amjue tabia, kisha wenzake wa kujitolea humtafutia nyumba yenye ukuta mrefu na watu wenye subira.

Wana kanuni moja ngumu: aliyemtoa mbwa hamdai tena.

"Mimi ndiye niliyeishikilia kuliko wote," anasema. "Kuna kijana nilimrudishia mbwa wake kwa sababu alilia. Baada ya mwezi nikamkuta mbwa amefungwa kwa waya, shingo imeoza. Nikaapa."

Kiapo hicho kilipata mtihani msimu huu wa tende, alipofika Ami Lazhar, mzee wa El Gettar, na slughi wake jike aitwaye Rima. Mkewe alikuwa amefariki, naye alikuwa ameanguka kisimani akavunjika nyonga. Binti yake aliamua kumhamishia kwake Sfax, ghorofa ya nne, na majirani wa huko hawataki mnyama kwenye ngazi.

"Hali chakula ukimsimamia," mzee alimwelekeza Mabruka. "Mwekee, kisha mpe mgongo." Akaondoka bila kumgusa Rima.

Rima alizunguka ua usiku na mchana. Mabruka naye akawa anazunguka. Alipumua tu pale Nizar Dabbabi na mkewe Monia, wakulima wa tende wa Tozeur, walipokuja kumwona mara tatu, na mara ya tatu Rima akapanda mwenyewe kwenye gari lao.

Wiki mbili baadaye, Ami Lazhar alisimama mlangoni pa hamamu na begi lake, akimwita Mabruka kwa sauti hadi wanawake wakakimbilia mataulo.

"Nipe Rima wangu, binti yangu. Kule nitakufa."

"Ami, ana watu wake sasa. Na wewe utamweka wapi? Nyumba yako imepangishwa."

"Nitajua huko huko."

Mabruka angeweza kumtajia kanuni akarudi kazini. Badala yake aliomba ruhusa, siku yenye wateja wengi kuliko zote, akampakia mzee kwenye gari la shemeji yake mpaka Tozeur. Anakiri hakujua anakwenda kufanya nini.

Rima alimsikia mzee kabla hajashuka. Alimrukia, akamwangusha kilemba, akalia kama mtoto. Monia akaingia ndani akajifungia. Nizar alisimama na mundu mkononi, uso umesawijika.

"Mzee, mimi simwibi mtu. Ukisema unaondoka naye, siwezi kukuzuia. Lakini sema unampeleka wapi."

Ami Lazhar alikaa chini kwenye mchanga, Rima kamlalia mapajani, mpaka chai ikaja ikapoa. Kisha akainuka.

"Mshike," alimwambia Nizar. "Mshike vizuri, ananifuata."

Yeye na Mabruka wakarudi Gafsa. Jioni binti wa mzee alikuja kumchukua.

"Nilifanya sawa? Sijui mpaka leo," anasema Mabruka. "Rima ameshiba, anakimbia. Yule mzee je? Nilimwuliza yote ya mbwa, hata anavyokula. Yeye sikumwuliza kitu."

Sasa amezozana na wenzake. Anataka kila mbwa akae mwezi mmoja kwanza kabla ya kupewa watu wapya, mwenye mbwa akiwa bado na haki ya kumrudia, na anatafuta ua wa mizeituni wa kuwaweka wakati huo. Wenzake wanapinga: mbwa atatulia lini? "Watulie wao," anajibu. "Mimi nitaupata huo ua."

"Mabruka! Simu!" mkata tiketi anaita.

Anatupa glavu ya kusugulia, anatoka akichuruzika maji. Ni mwanamke wa Redeyef, hataji jina, anasema ana slughi dume na hawezi tena, aje amchukue leo leo.

"Mbwa nitamchukua, mama, usihofu," Mabruka anasema, akiziba sikio la pili. "Kwanza niambie wewe. Umepatwa na nini?"