Kofia za Wageni

Mwanangu, kuna asubuhi moja isiyonitoka akilini. Nilikuwa nimeolewa karibuni, naishi Mji Mkongwe na mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma, nikishona kofia za kuwauzia wageni walioshuka melini. Mgeni hachagui sana. Nilimshonea haraka haraka, nyuzi za rangi, vitundu vichache vya urembo, kipimo kimoja kwa vichwa vyote. Alinunua akaenda zake, nami nikajiona fundi.

Yakaja Mapinduzi. Watu walikufa, nyumba za majirani zikafungwa, na meli za wageni zikaacha kuja. Siwalaumu, nani huenda kutembea penye msiba? Lakini mume wangu, aliyekuwa akiwabebea mizigo, alikaa bure. Mimi nikasema watarudi tu, nikazidi kushona. Kapu likajaa kofia, na jikoni ukabaki muhogo mtupu.

Ndipo asubuhi hiyo akaja mzee mmoja wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu. Mwanawe anaoa, naye anataka kofia mpya ya kuvaa siku ya nikaha. Kwa furaha nilimmwagia kapu zima. Akajaribu moja, ikamkalia utosini. Akajaribu nyingine, kisha akazirudisha taratibu.

"Hizi za kutundika ukutani, bibie. Mie nnataka ya kuvaa."

Akaaga, akatoka. Nililia, maana sikujua kesho tutakula nini. Bi Mwanajuma hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hayo.

"Ushashona mwaka mzima kwa watu wasiokuwepo," alisema. "Vaa buibui, mfuate yule mzee ukampime kichwa."

Nilimpata sokoni Darajani, nikampima kwa uzi mbele za watu, aibu imenijaa. Kofia yake, nyeupe kwa uzi mweupe, ilinitesa. Mama mkwe alinifumulisha hata vidole vikaniuma. Lakini mzee aliivaa siku ya nikaha, na walioiona wakaja kuniuliza. Tukala kwa sindano ile miaka yote ambayo wageni hawakuja.

Wewe leo unaishi kwa fedha za wageni, mwanangu. Wakirimu, wauzie, usiwadharau. Ila mgeni akiogopa hubaki kwao, na hana kosa. Jirani yako hana kwao kwengine. Msiba ukiingia, mtakuwa naye humu humu. Basi kazi yako nzuri kabisa mfanyie yeye. Mola akuepushe na yale tuliyoyaona, na usikose mtu wa kukubishia hodi. Amin.