Mkanda Niliomnyang'anya Wakana

Refa alihesabu mbili, kisha mkono wake ukaganda hewani.

Nilikuwa nimemkalia Wakana Odajima kifuani. Mabega yake yote mawili yalikuwa yamegusa sakafu ya ulingo, na watu mia tatu kwenye ukumbi wa Farsta walikuwa wanapiga kelele refa amalizie tatu. Nasur, refa wetu, aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Dada, inuka."

Sikuinuka.

Ngoja niwarudishe nyuma wiki sita, maana najua humu wapo walioshanihukumu bila kusikia upande wangu.

Naitwa Kahindo. Nina diploma ya uandishi wa habari. Mchana nawahudumia wazee majumbani kwao, jioni nacheza mieleka. Mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi hupangwa kabla. Cheka, ukimaliza tuendelee. Mshindi hupangwa, ndiyo, lakini mgongo ukigonga sakafu haujui kwamba ilipangwa.

Klabu yetu iko Södertälje, mji wa huku kwa Waswidi, kwenye ghala lililokuwa la matairi. Kocha ni Sébastien, Mkongo wa Bukavu. Sote tunamwita Yaya Séba, kaka mkubwa. Mwaka jana aliniahidi kwamba onyesho la Farsta likifika, mkanda wa ubingwa wa wanawake ni wangu.

Miaka minne nilikuwa naangushwa ili wengine wang'ae. Minne. Ule mkanda nilishauona kiunoni kwangu hata nikiwa kwenye treni ya alfajiri naenda kazini.

Halafu akaja Wakana.

Miaka arobaini na tatu, magoti mabovu, begi moja. Alikuwa amemfuata mumewe, mhandisi wa malori. Yaya Séba akatukusanya akatusomea maisha yake kama mtu anayesoma Injili. Kwamba aliingia kambi ya mieleka Osaka akiwa na miaka kumi na sita. Kwamba mwaka wa kwanza hakupigana hata mara moja, alifua nguo za wakubwa zake na kuwapikia mchuzi watu ishirini. Kwamba alivunjika mtulinga akarudi ulingoni. Bingwa mara tano.

Nikauliza mbona hatumjui.

"Wewe ndiye humjui," akasema Yaya Séba.

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani. Wakana akikunja taulo, wasichana wanakunja vilevile. Wakana akiinamia ulingo kabla ya kupanda, wote wanainama. Mimi nilipanda kama ninavyopanda ngazi za kwetu.

Hata mama yangu. Mama hajawahi kuja kunitazama nikicheza, anasema kupigana si kazi ya binti wa kanisa. Alikutana na Wakana mara moja, siku aliyopitia klabuni kuniletea funguo. Wiki iliyofuata amemwalika nyumbani Upplands Väsby, amempikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na samaki. Mjapani akaomba aongezewe. Mama alinipigia simu mara tatu kunieleza hilo tu.

Nikaamua kutazama video zake zote. Sitawaficha, nilikuwa natafuta aibu. Nilitaka nione alipoteleza, alipokimbia, alipolia.

Nikaona msichana wa miaka ishirini na mbili, damu inamtoka puani, amepigwa chini mara ya tano. Akaamka.

Angekuwa mwongo ningemsahau. Lakini alikuwa wa kweli, na hilo ndilo lililoniharibu.

Wiki mbili kabla ya onyesho, Yaya Séba akaniita pembeni. Daktari amemwambia Wakana shingo yake imefika mwisho. Farsta litakuwa pambano lake la kuagia. Atapigana na mimi, na mkanda atauchukua yeye.

"Na mimi?"

"Wewe utamfanya apendeze."

"Uliniahidi, Yaya."

"Nilikuahidi mkanda. Sikukuahidi saa utakayoupata."

Akatabasamu. Lile tabasamu lilinikaa kooni siku kumi na nne.

Mazoezini Wakana alinishika kiwiko akanirekebisha, akanirekebisha tena. Alinifundisha mtupo wake mwenyewe, ule wa kumbeba mtu begani na kumlaza kwa nyuma, ule uliompa jina kwao. Alinitaka nimtupe yeye. Mara arobaini kwa jioni moja, na shingo ile.

Kwa nini mtu aliyepangwa kushinda amfundishe anayeshindwa silaha yake? Swali rahisi. Sikuliuliza. Nilidhani ananionyesha kwamba hata nikiwa nayo siwezi kitu.

Basi, tukafika Farsta, Jumamosi mchana.

Dakika ya tisa nilitakiwa kumlalia kidogo, refa ahesabu mbili, Wakana ainue bega kabla ya tatu ya ushindi, tuendelee. Badala yake nilimnasa mguu, nikamwekea uzito wangu wote. Nikasikia bega lake linajaribu kuinuka chini ya mkono wangu. Nikakandamiza. Akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa.

Ndipo Nasur akanong'ona.

Nilijua hana ujanja. Mabega yako chini, watu mia tatu wanayaona. Refa akigoma kuhesabu mbele ya macho yao, onyesho limekufa na klabu imekufa nalo. Mkono ukashuka.

Tatu.

Niliinua mkanda juu nikazunguka ulingo mzima. Watu walishangilia. Wakana alibaki chali, anatazama taa za dari.

Yaya Séba alinikuta chumba cha kubadilishia. Hakupaza sauti.

"Zilikuwa zimebaki dakika nne," alisema.

"Za nini?"

"Za kukupa."

Akanieleza. Kwao Wakana, mwanamieleka anayestaafu hushindwa pambano la mwisho. Humchagua msichana mmoja, akamwachia nafasi. Kisha ukumbi unanyamaza, kengele inagongwa mara kumi, basi, ameaga. Wakana alinichagua mimi wiki ya kwanza. Ningemtupa kwa mtupo wake mwenyewe na asingeinuka. Yeye na Yaya Séba na Nasur walikubaliana wanifiche ili machozi yangu yawe ya kweli.

"Mama yako yuko safu ya tatu," akamalizia. "Anajua tangu siku ya sombe."

Nilikaa chini kwenye benchi, mkanda mapajani.

Wakana akapita mlangoni na begi lake. Kengele hazikugongwa, alikuwa amekataa. Aliongea Kiswidi chake cha polepole, nami nawapeni kama nilivyokielewa: "Miaka ishirini na saba nilijua nitaanguka vipi mara ya mwisho. Umeninyima."

Akaondoka. Na hata hapo, nikimwona mgongo umenyooka vile, nilimwonea wivu.

Yaya Séba alinipa njia mbili. Nimwombe Wakana radhi mbele ya klabu nzima, au niache mkanda na nisirudi tena.

Nilirudi na Mama kwa treni mpaka Upplands Väsby. Tukiwa tunashuka akasema, "Kamwombe radhi, mwanangu. Yule mama alikupenda."

"Mama, ulinisikia nikilia kwenye simu wiki sita. Ulinyamaza."

Akatangulia kushuka ngazi.

Mnataka funzo, chukueni. Ukimwonea mtu wivu, muulize swali moja kabla hujamkamata. Hilo nimelilipia. Na wewe unayemwandalia mtu furaha, usimpitishe kwanza kwenye njaa ili ufurahie akilia mezani. Wale walijua naungua. Walihitaji niungue, machozi yapendeze.

Nilikosea? Nilikosea. Nililitia doa pambano la mwisho la mwanamke aliyeamka mara tano na damu puani. Nalijua hilo kila asubuhi.

Mkanda niliuacha kwenye benchi.

Lakini mnaonijazia ujumbe kwamba nimwombe radhi Wakana, nimwombe Yaya Séba, nimwombe Mama, sikieni.

Siombi.