Hilda, Mpachika Majina

Kama Hilda Charlton hakuwahi kukupachika jina, basi hukuishi mtaani kwetu. Sisi wa kaskazini mwa Uingereza hatumtukani mtu usoni, adabu hairuhusu. Tunachukua maneno mawili yasiyo na kosa, tunayafunga pamoja, kisha tunamvisha mtu akishatupa kisogo. Siagi ni ya mkate, na vidole kila mtu anavyo. Lakini Nora alipoangusha kikombe cha klabu yetu ya mtaa, kimoja tu, Hilda alimwita Vidole-Siagi, na tangu hapo Nora hashikishwi hata kijiko. Kasisi, kwa mahubiri yake yasiyokwisha, akawa Mfuko-Upepo. Cuthbert Dodds, mgane mpole, alisema huenda mvua ikanyesha siku ya mashindano ya kukuza vitunguu liki, akawa Blanketi-Bichi, mzima furaha za watu. Mvua ilinyesha kweli. Jina likabaki.

Maneno yenyewe tumeachiwa na mababu. Hilda alijua tu lipi linamkaa nani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kila mmoja akishukuru kwamba leo si zamu yake.

Kisha mumewe akafa, nyumba ikawa kimya, na Hilda akaanza kujiuliza: mimi je, wananiitaje? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Usingizi ukamruka. Nilimwonea huruma, na sitaficha, nilifurahi pia.

Jioni moja klabuni akaenda kuketi mbele ya Cuthbert.

"Cuthbert, kipenzi, niambie kweli. Nikiwapa mgongo mnaniitaje? Ulimi-Wembe?"

"Wala."

"Shoka-Kuukuu? Sema bwana, sivunjiki mie!"

"Huna jina, Hilda."

"Ahaa! Mnaniogopa!" Akajichekea kwa fahari.

"Tukuogope nini?" Cuthbert akajifuta povu la bia mdomoni. "Ukishaondoka tunazungumza habari za liki. Hutajwi."

Kicheko kikamwisha. Akaizungusha glasi yake mezani, akaizungusha tena.

"Basi nipe wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Hata liwe baya."

"Lo, jambo hilo halitaki haraka. Ngoja nilifikirie mpaka Jumapili, kipenzi."

Jumapili Hilda alifika mapema, amejipaka rangi ya mdomo, akaketi karibu naye kabisa. Cuthbert alimweleza habari za mbolea ya kuku mpaka klabu ikafungwa. Alikuwa amesahau.