Pombe Ambayo Bibi Hakuionja

Juzi alikuja kijana mmoja nyumbani kwetu hapa Kasulu, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, akasema anafanya utafiti wa elimu. Nikamkaribisha barazani. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage, na binti yangu wa darasa la pili amelala kifudifudi mkekani, anafanya hesabu za nyumbani huku akilalamika. Maswali yalikuwa ya kawaida, mpaka kijana akafika kwenye hili: "Dada, unatarajia huyu mtoto atasoma elimu ya juu kwa miaka mingapi?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Si kwamba swali ni gumu. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo kuliko binti yangu, na aliyekuwa akiliuliza aliingia kaburini bila kujibiwa.

Twende Kitahana, ndugu yangu. Huko ndiko nilikolelewa na bibi, mama yake mama, kwa sababu mama alikuwa huku mjini akihangaika na biashara. Kama umewahi kukaa upande ule wa Kibondo unazijua asubuhi zake: baridi ya kukunja vidole, moshi unaotafuta njia kwenye nyasi za paa la jiko, na sauti ya bibi ikiniita nikachote maji kabla ya shule. "Mwakeye!" alinisalimia kwa lugha ya kwetu nikitokeza uso, hata kama nimejaa matongotongo. Nikirudi na ndoo nakuta kiporo cha ugali wa muhogo, na maharage yaliyolala chunguni mpaka yakawa mazito. Maharage kama yale sijala tena, na nimejaribu kuyapika mara nyingi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba ya pombe. Siku niliyoanza darasa la kwanza, bibi alichagua mashina ya pembeni, yale yaliyopakana na jirani wa upande wa chini, akayafanya yangu. Ndizi zake hazikuwa za kuuza wala za misiba. Akatangaza mbele ya watu kwamba pombe ya ndizi hizo itapikwa siku nitakayomaliza shule, na kwamba yeye hataonja pombe ya mtu yeyote mpaka siku hiyo. Kwetu neno la namna hiyo likishasemwa mbele ya majirani, halirudi. Na bibi alikuwa anaipenda pombe, tusidanganyane.

Usimwone mjinga. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Enzi za ujana wake, aliyefika darasa la nne aliitwa msomi, akapewa na watoto wa kufundisha. Mjomba wangu alisoma mpaka la saba, akamaliza, akarudi nyumbani, akagawiwa shamba. Basi shule ni miaka saba, na miaka saba bibi aliona ataiweza.

Ilipotimia, ndizi zilivundikwa shimoni kwa majani na moshi. Zilipoiva tukazimenya, wanaume wakazikamua kwa nyasi kwenye gogo lililochongwa katikati, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa. Nyumba nzima ikanukia utamu uliochacha, nyuki wakatuhamia. Siku ya kunywa watu walijaa uani, bibi kajifunga kanga mpya, mrija wake mkononi. Kabla hajainama kwenye kibuyu, mwalimu mkuu wa shule yetu akasimama, akakohoa, akasema nimefaulu, nimechaguliwa kwenda sekondari.

"Sekondari ndiyo nini?" bibi akauliza.

"Ndiyo shule, mama. Miaka minne tu."

"Shule si imeisha?"

"Bado, mama."

Bibi akaufuta mrija kwa pindo la kanga, akaingia ndani, akauchomeka ukutani penye nyasi za paa, juu ya kitanda chake. Fungu lake akalinywa jirani.

Nilipomaliza kidato cha nne, tukavundika tena, tukakamua tena, nyuki wakarudi. Mwalimu akasimama, akakohoa. Kidato cha tano na cha sita, miaka miwili tu. Mrija ukarudi ukutani. Kidato cha sita kilipoisha, nilimwomba bibi asimwalike mwalimu, lakini utamnyimaje mwaliko mtu aliyekufundishia mtoto kusoma? Akaja. Chuo kikuu, akasema, miaka mitatu tu. Lile "tu" lake lilinichoma, na mpaka leo nikilisikia redioni nazima redio.

"Mwalimu," bibi akamwambia siku hiyo, "hata muhogo wangu ule wa bondeni una siku yake ya kung'olewa. Huyu mtoto mnamwacha ardhini mpaka lini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliyefurahia mambo haya peke yake alikuwa jirani, ambaye kila nilipokosa kumaliza alipata fungu la watu wawili. "Soma, mjukuu, soma!" alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa migomba. "Usikubali kumaliza!"

Nikapata shahada. Nikaja Kitahana na joho nililoliazima, nikalivaa uani juu ya viatu vyenye udongo mwekundu, kuku wakanikimbia. Bibi alikuwa ameisha sana, mikono inatetemeka, lakini mrija aliushika mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameshastaafu, anatembelea mkongojo. Nilimwomba Mungu asisimame. Akasimama.

"Mama, hongera sana. Ila siku hizi shahada moja haitoshi. Waajiri wanataka mbili. Aongeze miaka miwili tu."

Niambie, ungefanyaje? Nilitaka kumpokonya ule mkongojo. Na kinachouma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kila darasa ambalo kizazi kimoja kiliambiwa ndilo mwisho, kizazi kilichofuata kiliambiwa ndio mlango. Tulipofika mlangoni, wakauhamisha. Wanaohesabu miaka ya shule wanasema tumeendelea, na labda kweli tumeendelea, lakini hakuna aliyekuja uani kumweleza bibi kwa nini lengo linakimbia kila akilikaribia. Aliufuta mrija kwa pindo la kanga. Kisha akanipa mimi, nikauchomeke ukutani.

Nilikuwa Dar es Salaam, katikati ya hiyo miaka miwili tu, mama aliponipigia simu kwamba bibi amefariki. Nilipofika nikakuta mrija uko palepale juu ya kitanda, mkavu, umekuwa mweusi kwa moshi. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hadi leo sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Sasa hivi ukienda Kitahana hutaiona ile migomba. Ugonjwa wa mnyauko uliimaliza yote, mjomba akang'oa visiki akapanda mahindi. Jirani naye ametangulia. Jiko lina bati, moshi wake hautafuti njia tena. Mimi nina shahada mbili, nafundisha chuo kimoja hapa mjini, na bosi wangu ameshaanza kunidokezea habari za shahada ya tatu. Miaka minne tu, anasema.

"Dada?" kijana aliita. "Niweke mingapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama aliweka chini ungo wa maharage. "Huyu atasoma mpaka mwisho," alisema. "Tena nawaambia nyote, mbele ya huyu mgeni, kwamba mimi pombe si..."

"Mama!" nilipiga kelele mpaka kijana akadondosha kishikwambi. Nikakimbilia jikoni. Kulikuwa na dumu la pombe ya ndizi tuliloletewa na wakwe zangu kutoka Muyama. Nikajaza kikombe, nikampelekea mama mkononi.

"Kunywa."

"Mtoto hajamaliza."

"Amemaliza."

"Amemaliza nini?"

Nikachungulia mkekani. "Hesabu za leo."

"Bado mbili," binti yangu akasema bila kuinua kichwa.

"Kunywa hivyohivyo, mama."

Mama alinitazama, akanywa. Akakunja uso kidogo, akasema ya Kitahana ilikuwa tamu zaidi, kisha akanisogezea kikombe nimwongezee.