Ngome ya Ma Sœur

Nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi, mgeni katika mtaa wa mji wetu uitwao Kenya, nilipojiunga na fuaye, ile nyumba ambako wake za wafanyakazi tulifundishwa kushona. Mwalimu wetu alikuwa mtawa wa Kifaransa, mnene, mwepesi wa kucheka. Tulimwita ma sœur, yaani dada kwa lugha yake. Jumamosi moja, huku tukipinda mashuka, tulimwuliza kwao kukoje. Akasema kijiji chao kiko chini ya kilima, na juu ya kilima kuna shato, ngome ya mawe ya zamani sana.

"Juu kabisa?" akauliza jirani yangu, mama wa Maniema aliyekuja na beseni lake la maandazi ya kuuza. "Na mayi? Nani alikuwa anapandisha mayi?"

"Wanawake," akajibu ma sœur.

Tukaguna sote, tukiwaza ndoo za maji kichwani. Bila shaka aliyechagua mahali pale alikuwa mwanaume.

Ma sœur akaweka sindano chini, akasimulia. Bwana wa ngome aligombania kinu cha ngano na bwana wa kilima cha pili. Yule wa pili akaleta askari, wakaizunguka ngome ili waliomo wafe njaa. Ilipobaki mikate michache tu, mke wa bwana akaamuru itupwe nje, maadui wadhani ndani kuna shibe, wakate tamaa.

"Bakaenda?" akauliza jirani yangu.

Mara mlango ukagongwa. Saa ya chakula ilikuwa imepita. Waume zetu walikuwa wametoka kazini, wakakuta majiko yamepoa, wakatufuata.

"Ba mama! Tuko na njala!" Ilikuwa sauti ya bwana yangu. Nikainuka, lakini yule jirani akanivuta gauni.

"Ikala, mutoto. Kwanza tujue kama ile ngome ilianguka."

Akafunga komeo. Wanaume wakazidi kupiga mlango. Basi jirani akapanda kwenye kiti, akaanza kuwarushia maandazi dirishani.

"Muone! Huku chakula iko mingi! Muende!"

Mlango ukaacha kupigwa. Tukachungulia. Wanaume walikuwa wameketi kwenye nyasi wakitafuna, macho yote dirishani.

"Mama," akasema bwana yangu kwa adabu, "kuko ingine?"

Ma sœur alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Kumbe hata kwao ndivyo ilivyokuwa! Askari walikula, wakapapenda, wakabaki wiki nyingi, na waliokuwa ndani wakachemsha mikanda yao ya ngozi. Mwishowe baridi ikawafukuza askari. Ngome haikutekwa na mtu; baadaye wanakijiji waliibomoa kidogo kidogo, wakajengea mawe yake. Baba yake ma sœur alipata dirisha la kanisa la ngome, akalitia kwenye banda la nguruwe.

"Nguruwe walichungulia nje kama watakatifu," akasema.

Mama wa Maniema, Mwislamu safi, akakunja uso, kisha naye akashindwa kujizuia kucheka.

Jioni, nikisonga bukari, ugali wetu, nilimsimulia bwana yangu habari yote, tangu kinu hadi dirisha. Alisikiliza kwa makini sana.

"Na bale banguruwe," akauliza, "balikuwa banene?"