Mwezi Ambao Nyoka Hulala

Mtu wa kwanza kucheka Marsiana alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa safari alikuwa mumewe mwenyewe, Teodori. Alicheka mpaka akakitua kikombe cha chai chini kisimwagike.

"Wewe, Mama Sharon? Wewe ndiye uwapeleke watu porini? Wewe uliyeikimbia futi yako?"

Na ni kweli aliikimbia. Marsiana ni fundi cherehani mjini Sumbawanga, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, na hata watu wa Namanyere humfuata awashonee sare za kwaya na magauni ya harusi. Haogopi mteja mkorofi wala mgambo wa soko. Kuna kibaka aliyewahi kukwapua kitambaa mezani kwake. Marsiana alimdaka kola, akamkalisha kwenye kigoda, akamsomea maadili mpaka kijana akaomba apelekwe polisi. Lakini nyoka! Siku ile futi ya kupimia ilipoteleza mezani na kujikunja sakafuni, fundi huyu alipanda juu ya cherehani na kumwacha bibi harusi mtarajiwa amesimama na pini kiunoni. Tangu hapo futi haishuki shingoni mwake. Hata kanisani amewahi kwenda nayo.

Hofu hiyo aliitoa nyumbani kwao Kate, alipokuwa mtoto. Mama yake alikuwa anapepeta ulezi, nyoka akadondoka kutoka kwenye paa la nyasi, moja kwa moja hadi ndani ya ungo. Mama aliutupa ungo bila kuangalia unakoelekea, nao ukaenda kumfunika Marsiana kichwani. Nyoka alishika hamsini zake na ulezi ukaliwa na kuku. Hofu ndiyo haikuondoka. Ilikaa, ikanenepa pamoja na mwenyewe, kiasi kwamba hata jina la mnyama yule Marsiana halitamki. Husema "wale wa chini."

Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye uenyekiti? Aliingia kwa mdomo wake.

Akina mama wa jumuiya yao walikuwa wamechoka kuyatazama maporomoko ya Kalambo kwenye kalenda za ukutani. Wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuyaona, na wao waliozaliwa Ufipa hawajawahi kurushiwa hata tone la maji yake. Rosina, muuza samaki wakavu aina ya migebuka, mwanamke wa sauti kubwa na maamuzi ya haraka, akasema safari iwe Desemba. Shule zitakuwa zimefungwa, mvua zitakuwa zimeanza, maporomoko yatakuwa yananguruma. Vichwa vyote vikaitikia. Marsiana peke yake ndiye aliyeona, kichwani mwake, majani yamefika kiunoni.

"Desemba hapana," akasema. "Mvua za kwanza ndipo wale wa chini wanapotoka."

"Wale wa chini ndio akina nani? Wachimba madini?" Rosina akauliza.

"Unawajua."

"Basi kama unazijua ratiba zao, panga wewe!"

Wakapiga makofi, na kura ikawa imepita.

Marsiana aliichukua kazi ile kwa moyo wote, maana aliona mara moja faida yake: mwenye kupanga ndiye mwenye kuchagua mwezi. Akaanza upelelezi. Alianza na mjomba wake Polikarp, mkulima wa kule Kate, akampigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nauliza wale wa chini huwa wanalala lini."

Mzee Polikarp alifikiri kwa muda uliogharimu salio. Akasema masika wanatoka kwa sababu mashimo yanajaa maji. Wakati wa mavuno wanatoka kwa sababu panya wamefuata mahindi, nao wanafuata panya. Watu wakianza kuchoma majani, wanatoka kwa sababu ya moto.

"Kwa hiyo wanalala lini?"

"Hilo uwaulize wenyewe."

Akampigia shemeji yake Beda, anayelima mpunga Kaoze, chini bondeni upande wa ziwa Rukwa, ambako joto haliishi. Beda akasema huko kwao nyoka hawana likizo. Jana tu wamemtoa mmoja kwenye ndoo ya unga. Marsiana akakata simu kabla hajasikia alitolewaje, na ule unga uliliwa au haukuliwa.

Mwishowe akapanda gari mpaka Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, akamtafuta bwana wanyamapori, kijana mstaarabu aitwaye Valerian. Kijana akamvutia kiti na kumweleza kwa utulivu. Nyoka, alisema, damu yake hufuata hali ya hewa. Kukiwa na baridi anapoa, mwili unakuwa mzito, hawezi kukimbia wala kuwinda, hujificha kwenye mashimo na chini ya mawe. Na huku juu uwandani, Juni na Julai baridi ni kali.

"Kwa hiyo Julai analala?"

"Tunaweza kusema hivyo, mama. Lakini..."

Alipofika kwenye "lakini," Marsiana alikuwa ameshasimama, ameshasema asante, ameshafika mlangoni. Alikuwa amepata alichokifuata. Ukishajaliwa jibu unalolipenda, ya nini tena kulikalia!

Safari ikapangwa Julai, Jumamosi, na alfajiri yake Sumbawanga ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Akina mama walifika kwenye Coaster ya kukodi wamevaa sweta juu ya sweta, vitenge mabegani, kofia za sufu hadi kwenye nyusi, wakitoa moshi midomoni kama masufuria ya ugali. Wote walimtazama Marsiana kwa jicho moja.

"Mwenyekiti," Rosina alisema huku meno yakigongana, "huu mwezi ulituchagulia wewe?"

"Hata wale wa chini wanausikia," Marsiana akajibu kwa raha. "Hapo walipo wameganda kama vijiti."

Hata hivyo hakuacha tahadhari. Yeye mwenyewe alivaa gambuti zilizomfika magotini, na alikuwa ametwanga kitunguu saumu akachanganya na mafuta ya taa, kwa sababu alisikia kwamba wale wa chini hawaipendi harufu hiyo. Kila mama aliyepanda gari alipakwa miguuni. Haikupita muda, ikajulikana kwamba harufu hiyo haipendwi na wengi. Dereva, bwana mmoja mpole aitwaye Zenon, aliendesha na kichwa nje ya dirisha mpaka Matai, na baridi ile ikamtoa machozi.

Teodori naye alikuwemo, mwanamume pekee baada ya dereva. Alijitolea kubeba masufuria na kuwa mlinzi. Alikuwa na fimbo ya mti mgumu aliyoichonga mwenyewe, na njia nzima alisimulia nyoka aliowaua maishani mwake. Walikuwa wengi, na kadiri gari lilivyosogea walizidi kurefuka.

Walipoiacha lami na kufika Kalambo, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mwongoza wageni, msichana mchangamfu aitwaye Edith, akawaamkia mmoja mmoja, akapiga chafya, akauliza kwa adabu kama kuna aliyemwagikiwa na kitu. Kisha akawatangulia kuteremka ngazi. Marsiana alitembea katikati ya msafara akikanyaga kila ngazi mara mbili, ya kwanza kwa kuijaribu, ya pili kwa kuiamini. Hakuona hata mjusi. Moyo ukaanza kutua.

Ukungu ulipofunguka, wote walisimama palepale walipokuwa. Maji yalikuwa yanatoka ukingoni mwa dunia na kuanguka bila kugusa kitu, yakianguka na kuanguka, mpaka macho yakachoka kuyafuata. Rosina, ambaye hajawahi kunyamaza kwa hiari yake, alinyamaza. Mama mmoja akaanza wimbo wa kushukuru, wengine wakaupokea. Marsiana alisimama na gambuti zake akiwa amesahau kuangalia chini. Jua likatoka, likawapiga migongoni, likawa tamu kama uji wa moto, na mtu akasema, "Kumbe mwenyekiti alijua alichokuwa anafanya." Alivimba kwa furaha.

Wakaanza kupanda. Edith na wengi wa akina mama walitangulia. Nyuma walibaki Marsiana na Rosina, wazito wa mwili wote wawili, wakipumzika kila walipopata kisingizio. Mbele yao kidogo alikuwa Teodori na fimbo yake, akikagua njia. Walipofika kwenye kona moja ambako jua lilikuwa limeipasha saruji vizuri, Teodori alinyanyua mguu kukanyaga ngazi, akatazama chini, na ule mguu haukukanyaga.

Sauti iliyomtoka haikuwa ya mlinzi. Ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Fimbo ikamponyoka na kubingirika ngazi kwa ngazi mpaka ikasimama kwenye gambuti ya mkewe. Mwenyewe aliruka ngazi nzima na iliyofuata, akapanda mlima kwa mwendo ambao tangu siku ya ndoa yao hajawahi kuuonyesha, na hakugeuka nyuma.

Pale kwenye ngazi aliyoiruka alikuwa amelala kifutu, mnene, mfupi, amejinyoosha juani kama mtu aliyetoka kula pilau.

"NYOKA!" akapiga kelele Marsiana, na neno lile ambalo hakulitamka tangu utoto likatoka lote kwa mkupuo, bonde likalirudisha mara kadhaa.

Rosina alikuwa ameshajificha nyuma yake, amemshika sweta kwa mikono miwili. "Mwenyekiti! Si ulisema Julai wamelala?"

"Si amelala? Humwoni?"

Kutoka juu, Edith alirudi mbio, akasimama mbali. "Mama zangu, msisogee. Msimtupie kitu. Usiku wa baridi umemgandisha, anaota jua. Akipata joto la kumtosha ataondoka mwenyewe. Julai ndivyo wanavyofanya mchana, hupenda ngazi na mawe yenye joto."

Hapo Marsiana alimkumbuka bwana Valerian wa Matai, na kile kijineno alichokiacha nyuma mlangoni. Kumbe kilikuwa ni hiki, na kilikuwa na mkia.

Wakasubiri. Kushuka hawakuweza, maana Marsiana hakuthubutu kumpa mgongo. Kupanda ndiko aliko mwenye ngazi. Kifutu alivuta pumzi, ubavu ukajaa, ukanywea. Rosina akaanza Salamu Maria, akaruka maneno, akarudi mwanzo. Marsiana alitaka kufumba macho lakini akaogopa kwamba akiyafumba hatajua mambo yanavyoendelea. Kwa hiyo akatazama. Na mtu aliyeangalia nguo maisha yake yote, ukimlazimisha kutazama, ataangalia kama fundi.

Mgongoni kwa kifutu yule kulikuwa na mikunjo ya rangi kama vichwa vya mishale, mmoja nyuma ya mwingine, kahawia iliyokolea, na kila mmoja umetiwa ukingo mwembamba wa manjano. Mistari ya kushoto ilikutana na ya kulia katikati kabisa, bila kupishana hata uzi. Marsiana amewahi kukesha na kitenge kimoja akitafuta kukutanisha maua mgongoni, akashindwa, akamdanganya mteja kwamba ndio mtindo.

"Rosina," akanong'ona. "Hebu tazama alivyounganishwa."

"Mimi nimefumba macho."

"Fumbua. Hana hata mshono uliokwenda upande."

"Mama Sharon, umeshaanza kurukwa na akili. Yesu wangu, nitamwambia nini baba yake Sharon!"

"Baba yake Sharon mwenyewe yuko wapi?"

Hatimaye kifutu akaamka. Hakujipinda wala kukimbia. Alikwenda moja kwa moja, polepole, kama mkanda unaovutwa kiunoni, akavuka ngazi na kuingia majanini, na majani yakamfunika. Marsiana alibaki anapaangalia mahali pale. Jasho lilikuwa limemlowesha chini ya sweta zote mbili, na kwa namna ambayo asingeweza kumweleza mtu alitamani angemwona kidogo tena, kwa mbali sana.

Walimkuta Teodori ndani ya Coaster, kiti cha nyuma kabisa, madirisha yote yamefungwa, yeye na ile harufu ya saumu peke yao.

"Nilikimbilia kutafuta msaada," akasema.

"Ukaupata hapo kwenye kiti?" Marsiana akamuuliza, na akina mama wakacheka mpaka Zenon akaomba washuke kwanza wamalize, gari linayumba. Teodori alipakua chakula siku ile bila kuombwa, ugali wa ulezi na migebuka ya Rosina, na aliwapa wote kabla ya kujipa yeye. Njia ya kurudi hakusimulia nyoka hata mmoja.

Wiki ile Marsiana alishona blauzi ya Rosina, ambayo kitambaa chake kilikuwa kimekaa kwenye kabati tangu Pasaka. Alichukua kitenge cha kahawia, akakata vipande vyenye ncha, akavitia ukingo wa manjano, akavipanga mgongoni kimoja nyuma ya kingine. Alifumua, akashona, akafumua tena, mpaka kushoto na kulia vikakutana bila kupishana. Rosina alipoijaribu aligeuka mbele ya kioo mpaka shingo ikamuuma.

"Mtindo huu umeutoa wapi, fundi?"

"Kalambo," Marsiana akajibu, pini mdomoni.

"Kalambo kuna mafundi?"

"Yupo mmoja."

Jumapili Rosina aliivaa kanisani, na wanawake wawili walipunguza mwendo ili wamtazame vizuri. Wakati wa komunyo alisimama kwenye foleni ya kati, mgongo wake ukimeremeta chini ya dirisha. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa Teodori, mikono kifuani, macho chini kwa ibada. Akayainua. Akaganda. Kisha, taratibu, bila kupiga kelele yoyote, akatoka kwenye foleni ile na kwenda kujiunga na ya pembeni.