Mbili Kati ya Kumi

Rhonda Lahti hakujaliwa kutulia. Alianza utafiti kwenye maabara ya panya kule Duluth, kaskazini mwa Marekani, miaka sita, akachoka. Akahamia takwimu za hospitali, nazo zikamchosha. Baba yake, Arvo, mchimba chuma mstaafu, alimtania kila akipiga simu: "Mtembezi hula miguu yake. Haya, leo uko wapi?"

Akiwa na miaka arobaini na minne alitua jiji la Minneapolis, kwenye kampuni changa iliyotengeneza programu ya simu kwa wagonjwa wa moyo waliotoka hospitali. Kila asubuhi simu inauliza: kuanzia sifuri mpaka kumi, unajisikia vibaya kiasi gani? Ukijibu saba, nesi anakupigia. Ukijibu mbili, unaachwa unywe kahawa yako. Swali hilo alilitunga Rhonda mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alihisi amepata kazi ya kuzeekea.

Programu ilijaribiwa kwa wagonjwa sitini na mmoja wa kwao kaskazini, Arvo akiwemo. Majibu yakaja matamu: moja, mbili, mbili, moja. Bosi wake, Curtis, alicheka meno yote nje. Jumatatu wangeisambaza kwa hospitali tisa. Rhonda peke yake hakuwa na raha. Wagonjwa wa moyo gani hawa wazima namna hii? Jumamosi asubuhi akawasha gari, theluji ikianguka, akaenda kwao.

Alimkuta Arvo kwenye kiti cha sebuleni, miguu imevimba kama mikate iliyoumuka. Sauna, kile chumba chake cha kuogea mvuke, ilikuwa baridi, naye hakuwahi kukosa sauna ya Jumamosi tangu ujana wake.

"Baba, unalala wapi siku hizi?"

"Hapahapa. Nikilala chali pumzi inagoma kidogo."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili hivi. Si mbaya."

"Na leo umejibu nini kwenye simu?"

"Mbili."

"Mbili! Baba, wewe unakufa!"

"Usipayuke, majirani watasikia. Kumi ni Einar, mchimba mwenzangu, alipobanwa mguu mgodini. Na Einar hakulia. Sasa mimi na kiti changu niseme saba, nesi wa watu aache kazi zake anipigie?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee yule hakuficha kitu. Ndivyo walivyolelewa huko: kulalamika ni kumtwisha jirani mzigo wako. Na Rhonda alikuwa mtoto wa hukohuko, aliyemwambia mkunga "siyo mbaya sana" huku mtoto akitoka! Haya yote aliyanyonya na maziwa ya mama, kisha akaenda kutunga swali kama mgeni. Alijichukia, akampakia baba kwenye gari, akashika njia ya hospitali.

"Tunawasumbua watu wikiendi yao," Arvo alinung'unika njia nzima. Hospitali walimtoa maji kwenye mapafu. Siku mbili zaidi, daktari alisema, asingepona.

Jumapili, akizunguka kwenye korido, Rhonda alimpigia Curtis.

"Simamisha kila kitu. Swali langu ni bovu."

"Namba zinasema vingine, Rhonda."

"Namba zinadanganya kwa adabu!"

"Pole kwa mzee. Lakini mtu mmoja si ushahidi. Niletee ushahidi kabla ya kesho."

Akafungua orodha, akaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza wanajisikiaje. Aliuliza jana wamelala wapi. Wa kwanza alilala kitandani. Wa pili, kwenye kiti. Wa tatu, kwenye kiti pia, "lakini ni kiti kizuri tu." Kufikia wa kumi na mbili, watano walikuwa wanalala wameketi, na wote walikuwa wamejibu mbili au moja. Aliwaambia wote watano waende hospitali sasa hivi, na wote watano wakamwomba radhi kwa usumbufu.

Wa kumi na tatu, Russell Maki, hakuwa amejibu programu tena baada ya Jumatatu iliyopita. Ofisini walidhani kachoka maswali. Simu ilipokelewa na mkewe, Delores.

"Naomba kuongea na mzee Russell."

"Oo, mwanangu. Tumemzika Alhamisi."

Rhonda akaanza kumpa pole.

"Lakini usijali," Delores aliwahi kusema, kama anayembembeleza yeye. "Hakuwahi kuacha kuwajibu. Hata asubuhi ile aliyofariki aliwajibu. Aliandika moja."